Nani Anahoji Zana Zangu?

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku ilianza vizuri. Ikaharibika saa nne kasorobo.

Nilikuwa stoo ya maabara nahesabu lenzi. Miaka kumi na tisa nahesabu lenzi, na lenzi hazijawahi kunidharau. Simu ya mezani ikalia. Karani wa idara. Akasema Jumamosi kuna kongamano kubwa la fizikia, anakuja profesa mgeni, mama mtu mzima mwenye sifa kote, na ukumbi utajaa. Akaniuliza kama najua mzungumzaji mkuu ni nani. Nikakisia watu watatu. Akasema hapana, ni mwanyumba wako.

Mwanyumba! Yule bwana aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Mhadhiri wa fizikia ya nadharia, yaani ile fizikia isiyohitaji bisibisi. Miaka sita yuko chuoni hapa, na kitu pekee alichowahi kushika stoo kwangu ni kitasa cha mlango. Tena alikivuta. Mlango ule unasukumwa.

Nikauliza anazungumzia nini. Karani akanisomea kutoka kwenye karatasi: kuhoji zana za msingi za fizikia ya kisasa.

Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Zana. Za msingi.

Nikaketi juu ya sanduku la betri. Zana za msingi za fizikia ziko wapi katika chuo hiki? Ziko stoo. Stoo ni ya nani? Yangu. Basi anayehojiwa ni nani?

Na kwa nini wiki hii? Hapo ndipo nilipoelewa. Mkuu wa Maabara anastaafu na kiti chake kiko wazi. Tumeomba wawili tu: mimi, na mtunza stoo ya kemia, bwana anayevaa koti jeupe hata akienda kantini. Kila mwombaji anatakiwa apate barua ya mapendekezo ya mhadhiri, na barua hiyo imfikie Mkuu wa Idara kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kiti kile nimekitamani miaka tisa. Kina magurudumu. Kiko kwenye chumba chenye dirisha. Stoo yangu haina dirisha. Mvua ikinyesha naambiwa na watu.

Mwanyumba anataka kunizibia riziki. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kimeoa shemeji yangu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Tangazo la kongamano limebandikwa mlangoni. Picha yake kubwa, kidole shavuni, mfano wa mtu anayeumwa jino. Sikulisoma. Nimeapa sitasoma kitu chochote chenye uso wake. Nikabandika juu yake tangazo langu la MARUFUKU KULA NDANI YA MAABARA. Saa tano likabanduliwa. Nikabandika jingine kwa gundi ya mbao.

Mchana mama mkwe amewasili na begi mbili. Amekuja kumsikiliza Profesa. Profesa ndiye mwanyumba. Si profesa! Hata nusu yake bado. Lakini mama alianza kumwita hivyo siku ya harusi yao na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mimi ananiita mkwe wangu wa stoo, kana kwamba niliagizwa pamoja na makabati. Na kulala anakuja kulala kwangu! Usingizi kwangu, sifa kwake.

Jioni mwanyumba akaja kumwamkia, yeye na mkewe. Tukala pamoja. Nikaona hapa ndipo pa kumchimba, ila kwa werevu. Nikauliza, hivi mwanyumba, hizo za Jumamosi, kwani umeziona zina kasoro gani?

Uso ukamng'aa. Akasema kasoro kubwa ni kwamba tumezizoea mno. Tulizikuta, tukazikubali, na hakuna anayezikagua. Nyingine zina zaidi ya miaka mia.

Nikamwambia lakini zinafanya kazi! Akasema ndiyo, zinafanya kazi, na hapo ndipo penye hatari, maana kitu kikifanya kazi hakuna anayekitazama tena. Akasema yeye anashuku baadhi yake zimeoza kwa ndani, na huenda ikabidi tuzitupe zote tuanze upya.

Tuzitupe! Nilikuwa nimeshika kijiko. Kikapinda.

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa utulivu akasema Profesa anasema kweli. Hakujua hata kinachosemwa! Kisha akamwongezea mnofu, ule ule niliokuwa nimeuwekea jicho tangu sahani inaingia.

Walipoondoka mke wangu akaniuliza kama barua yangu ya mapendekezo iko tayari. Nikamwambia ataniandikia Mzee wa Mawimbi, yule mhadhiri wa somo la mawimbi, ameshaniahidi mara tatu. Akasema Mzee wa Mawimbi husahau hata gari lake alipoliegesha. Kwa nini nisimwombe shemeji yake, mtu wa nyumbani? Nikamwambia heri nikikose kiti kuliko kukikalia kwa hisani ya yule.

Akanyamaza. Akaanza kukusanya vyombo. Mke wangu akinyamaza huwa ameshaamua jambo, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Nilikuwa nanyoosha kijiko.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nina mpango. Ni mwepesi na hauna tundu.

Anataka kuwaonyesha watu zana kuukuu? Hatazikuta. Nimezichagua zote zenye umri: mizani ya springi ya kuning'iniza, mawe matano ya mizani, pendulamu ya gololi ya chuma, na saa mbili za kupimia mbio ambazo moja hukimbia yenyewe. Nikazipakia kwenye boksi la karatasi. Mlinzi wa getini akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia vitabu. Boksi likalia kling. Akasema vitabu vyako vina vyuma. Nikamwambia ni vya fizikia, akaniruhusu kwa heshima.

Kuzificha wapi? Chini ya kitanda anacholalia mama mkwe. Hakuna binadamu atakayethubutu kupekua pale. Nimejipongeza njia nzima.

Asubuhi nilimpitia Mzee wa Mawimbi. Akasema barua anaiandika leo leo, nisiwe na wasiwasi, anajua jinsi ninavyoitunza stoo. Nilipofika mlangoni akaniuliza jina langu. Nikamwandikia kwenye kikaratasi. Akakitia ndani ya kitabu, akakifunga, akakirudisha rafuni katikati ya vitabu vingine mia mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Leo kuna mawili.

Saa tatu karani akaniita ofisini kwake. Akaniomba nimpandishie bahasha kwa Mkuu wa Idara, kwa sababu magoti yake na zile ngazi havipatani. Nikaitazama. Mwandiko wa mwanyumba! Nyembamba, imefungwa, juu imeandikwa SIRI na chini yake mistari miwili. Nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, ina nini? Karani akasema hajui, ila Profesa (hata yeye!) amesisitiza kwamba inahusu maabara na lazima ifike kabla ya kesho saa sita.

Inahusu maabara. Mashitaka! Hakutosheka kunianika ukumbini Jumamosi, ameamua kunichongea kabla.

Ngazi ziko ishirini na mbili. Nilipanda kumi na moja. Pale katikati nikasimama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba. Kisha nikashuka kwa mlango wa nyuma, nikaingia stoo, nikaitumbukiza bahasha ndani ya sanduku la globu zilizoungua, ambalo halijafunguliwa na mtu tangu nilifunge mimi. Nikarudi kumwambia karani tayari. Akanishukuru. Akasema mimi ni mtu mwema. Nilisikia raha, na pia homa kidogo.

Nyumbani nikakuta maji yamezidi unga.

Hereni ya mama mkwe ilidondoka asubuhi. Akainama chini ya kitanda kuitafuta, akakutana na mizani yangu. Mtu mwingine angeuliza. Mama yeye akaitumia. Akaning'iniza nyama aliyonunua, kilo mbili, mizani ikasoma kilo moja na gramu mia nane. Basi! Akatoka hivyo hivyo, mizani mkono huu, nyama mkono ule, mpaka kwa mwuza nyama, na njiani akawaeleza wote aliokutana nao kwamba leo kuna mtu atarudisha nyama ya watu.

Mwuza nyama hakubishana. Akaiweka nyama kwenye mizani yake: kilo mbili kamili. Akaweka kwenye mizani jirani: kilo mbili kamili. Kisha akachukua jiwe lake la kilo, lenye mhuri wa wakaguzi, akalitundika kwenye mizani yangu. Gramu mia tisa. Akauliza kwa upole, mama, mizani hii ni ya nani? Mama akajibu kwa sauti ya kusikika barabara nzima kwamba ni ya mkwe wake wa stoo.

Ameaibika, na aibu yake ameniletea mimi kama ilivyo. Akaniambia kuwa mkwe ni bahati, na kwamba Mungu hampi mtu bahati mbili. Nikataka kucheka, nikaona hatanii. Tena alikwisha kumpigia simu mwanyumba kumsimulia yote. Eti Profesa alicheka sana, akasema hiyo ni hadithi nzuri, ataikumbuka Jumamosi.

Ataikumbuka Jumamosi!

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimejifungia stoo na mizani. Nilimwomba Koti Jeupe wa kemia aniazime mizani yake ya umeme kwa nusu saa. Alinipa huku akitabasamu. Tabasamu lile nitalikumbuka mpaka kaburini.

Ni kweli. Springi imeshika kutu kule ndani, inakaza, haivutiki inavyopaswa. Inapunja gramu mia kwa kila kilo.

Lakini mbona kila mwaka niliikagua, na kila mwaka ikakubaliana na mawe? Nikayapima mawe kwenye mizani ya umeme. Jiwe la kilo moja lina kilo moja na gramu mia na kitu! Nikaligeuza. Chini kuna kiraka cha madini ya risasi kilichopakwa rangi nyeusi. Nikakumbuka. 

Ni mimi. Miaka kumi iliyopita nililitundika jiwe la kilo, mizani ikasoma pungufu. Nikasema jiwe limelika, la zamani hili. Nikayeyusha risasi, nikaongeza chini yake kidogo kidogo mpaka mizani ikasoma kilo kamili. Nikafanya hivyo kwa mawe yote matano. Nikayapaka rangi. Toka siku ile mizani na mawe vinaafikiana kama mtu na pacha wake, na Mkuu wa Idara mwenyewe aliwahi kunisifu kwamba stoo yangu ndiyo pekee isiyo na hitilafu kwenye vitabu.

Saa sita na dakika kumi nikakimbia kwa Mzee wa Mawimbi kuulizia barua. Akasema ameshaipeleka jana, barua nzuri mno, amenisifu kwa usafi wa koti langu. Koti gani? Amempendekeza Koti Jeupe! Alikumbuka stoo, akasahau ni ipi.

Sina barua. Nilichobakiwa nacho ni jina safi la miaka kumi na tisa, na kesho mwanyumba atalichafua mbele ya profesa mgeni, kwa hadithi ya nyama. Roho inaniuma, sifichi. Inaniuma jinsi watu wanavyoinua vichwa akiingia. Inaniuma kwamba haoni hata kama mimi ni mshindani wake. Mtu nikimchukia sana hivi, angalau naye ajue.

Nimeamua. Nitajianika mwenyewe kabla hajanianika, kisha nitamtandika na swali moja asilolijibu: amewahi kuishika hata moja kati ya hizo zana anazozihoji?

Jumamosi, tarehe 8 Juni

 Nitajaribu kufuata mpangilio.

Nilichelewa kwa sababu ya boksi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama mkwe safu ya kwanza, na kofia. Nikasimama nyuma kabisa, mbele yangu jibaba refu, sikuona kitu zaidi ya kisogo chake. Kipaza sauti kilikuwa kibovu, kinakoroma. Kila neno lilifika limeng'atwa ncha. Hata hivyo nilisikia ya kutosha.

Mwanyumba alisema tunachukulia kwamba wakati unakwenda mbele tu, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Tunachukulia kwamba nafasi ni laini, haina chembe, na hakuna aliyeitazama kwa karibu hivyo. Akasema wanafizikia walipokokotoa mwendo wa nyota, hesabu zikakataa, kwa hiyo wakasema lazima kuna vitu vingi visivyoonekana vinavyoongeza uzito. Vitu hivyo vinatafutwa mpaka leo.

Nikashangaa. Mimi koleo moja likikosekana kwenye orodha naandikiwa barua ya onyo. Hawa wamepoteza sehemu kubwa ya ulimwengu na wanapewa chai na biskuti!

Kisha akasema kuna hadithi nzuri aliyosimuliwa Alhamisi, inahusu mizani na nyama. Mama mkwe akajiweka sawa kitini. Hapo sikungoja. Nikanyoosha mkono, na sikungoja kupewa ruhusa. Nikapita katikati ya watu na boksi langu, macho chini nisimkanyage mtu, nikapanda jukwaani, nikawageukia.

Nikasema mizani hiyo ni yangu. Nikaitoa. Nikasema inadanganya, na imedanganya miaka kumi. Nikasema msikilaumu chuma, nilaumuni mimi: nilipoona jiwe halikubaliani na mizani, sikuihoji mizani. Niliongeza risasi chini ya jiwe! Nikaligeuza wakaona kiraka. Nikasema nikaongeza na kuongeza mpaka hesabu zikakubali, nikapaka rangi, nikasifiwa, na kila mwaka nilipima mawe kwa mizani na mizani kwa mawe, na kila kitu kikawa sawasawa. Nikamgeukia mwanyumba nikasema, na wewe unayekaa kuzihoji, umewahi kuishika hata moja?

 

Kisha profesa mgeni akasimama pale alipokuwa, mama mzima na mvi zake. Akasema amefundisha miaka arobaini na hajasikia jambo hili likielezwa wazi namna hii. Akasema hicho kiraka cha risasi ndicho tulichozibandikia nyota. Akaanza kupiga makofi. Ukumbi mzima ukafuata! Watu wakainuka! Nikaona wanafunzi wakiandika maneno yangu.

Sikuelewa chochote, lakini nilianza kuinama kushukuru. Mwanyumba akaja akanikumbatia. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba alitaka kuisimulia hadithi ya mizani bila kumtaja mwenyewe, ili asimwaibishe, kumbe mwenyewe ana moyo mkubwa kuliko yeye. Akasema hapana, hajawahi kuishika hata moja, na hilo ndilo kosa la wenzake wote. Akasema huyu ni mwanyumba wangu.

Makofi tena. Lakini nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa anampigia yeye.

Ndipo nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na bango kubwa la kitambaa, upana wa ukuta, herufi za urefu wa mkono. KUHOJI DHANA ZA MSINGI ZA FIZIKIA YA KISASA.

Dhana! Ulimi katikati ya meno! Dhana, mambo ya kichwani! Hakuna aliyezigusa zana zangu. Hakuna aliyezifikiria hata siku moja. Karani yule husema zahabu, husema zambi, husema azabu ya kaburi, hata thelathini kwake ni selasini, miaka tisa nikimsikia, na mimi sikujiuliza!

 Nikamwona Mkuu wa Idara, safu ya pili. Yeye hakuwa anapiga makofi. Alikuwa anaandika. Wakati wa chai akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maneno yangu yamempendeza sana profesa mgeni, na kwamba Jumatatu nimletee maelezo ya maandishi kuhusu vipimo vyote vya miaka kumi.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimepeleka maelezo. Kurasa nne. Kosa nimeitwika kutu.

Nikamwendea karani nikamkemea kuhusu ulimi wake. Nikamwambia toka leo kila neno lake nitalipima mara mbili. Akasema yeye hana makosa, neno lilikuwa limeandikwa kwenye tangazo lililokaa mlangoni wiki nzima, isipokuwa kuna mwehu alikuwa akilifunika.

Kisha nikakumbuka bahasha.

Nikajifungia stoo. Nikafungua sanduku la globu. Nikaichana. Karatasi moja, imepigwa chapa vizuri. Anampendekeza mtunza stoo ya fizikia kwa kiti cha Mkuu wa Maabara. Anasema katika miaka sita hajawahi kusoma kipimo cha chuo hiki bila kujua kwamba nyuma yake kuna mtu mmoja chumba kisicho na dirisha. Anasema sisi wa nadharia tunakaa juu ya mabega ya mtu huyu, na hatujawahi hata kumsalimia ipasavyo. Anasema anaandika kwa kuombwa na familia, lakini angeandika hata bila kuombwa.

Nikaisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nalia, sikatai. Halafu nikaanza kukasirika. Kama nia yake ni njema, kwa nini aandike SIRI? Nani anasifu watu kwa siri? Na kwa nini aandike vizuri hivyo? Hata kunisifu mimi anajisifu yeye!

Sikumwambia mke wangu. Alikwisha kujua. Mdogo wake alimwuliza kama barua ilifika, naye akamwuliza karani, karani akasema niliipandisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu mchimba kisima huingia mwenyewe, akaenda kulala chumba cha mama yake.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Limetangazwa. Koti Jeupe! Mkuu wa Maabara! Barua ya mapendekezo aliyokuwa nayo ni moja, nami sina, na jina langu safi niliyelimwaga jukwaani ni mimi. Adhuhuri nimemwona kwa tundu la ufunguo akikizungusha kiti. Akajizungusha mara mbili. Dirisha limefunguliwa.

Mwanyumba amepata mwaliko. Profesa mgeni anataka aende kwao miezi mitatu, wakaandike kuhusu kiraka cha risasi. Kiraka changu! Amesema jina langu litatangulia kwenye makala. Nimemwambia asante. Moyoni nikasema, anataka nitangulie mimi ili lawama zianzie kwangu.

Mama mkwe amefunga begi. Ameniaga kwa kunishika mkono kwa muda mrefu, akasema siku ile jukwaani alijisikia vizuri kuwa na wakwe wawili.  Nikambebea begi mpaka kituoni.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mke wangu amenisemesha. Amesema jambo halijaisha: uteuzi haujatiwa saini na Mkuu wa Chuo mpaka Ijumaa, na safari hii nikae kimya, nisiguse kitu, nisipange kitu, nisibebe kitu. Nikamwahidi. Nikasema nimejifunza. Nikampa na mkono.

Nimelala vizuri leo mchana, mara ya kwanza kwa siku kumi.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Karani amepiga simu saa tatu na robo. Akasema mwanyumba amemwachia barua nyingine, hii ni ya Mkuu wa Chuo mwenyewe, lazima ifike leo. Nikakumbuka ahadi. Nikatulia. Nikamwuliza kwa makini, neno kwa neno, inahusu nini. Akasema safari hii Profesa hakuificha, amemwambia wazi: inahusu samani ya kazi ya mtunza stoo.

Nikamwomba arudie. Mimi si wa kukosea tena. Akarudia mara tatu. Samani. Ya kazi. Ya mtunza stoo.

Samani! Yaani meza yangu! Yaani kigoda changu cha miguu mitatu, na kabati nililolipiga msumari kwa mkono wangu! Kiti cha magurudumu kimeniponyoka, na sasa mwanyumba anataka hata kigoda? Amwandikie Mkuu wa Chuo kwamba samani zangu ni chakavu, ziondolewe, nami niondoke nazo?

Nikamwambia karani asisumbue magoti yake. Nikaenda mbio. Akanikabidhi bahasha, akasema tena kwamba mimi ni mtu mwema.

Mara hii sikusimama kwenye ngazi. Nilikwenda moja kwa moja maabara ya kemia, nikaitumbukiza kwenye beseni la tindikali, nikaitazama mpaka wino wote ukayeyuka. Sikuifungua. Kwa ile ya kwanza kosa langu lilikuwa moja: niliifungua, nikaisoma, nikaumia siku nzima. Mtu mwenye akili hakosei mara mbili.